Kotama ya Mgema

Kabla ya kupanda, mgema hunoa. Kotama yake ni kisu chenye bapa pana na jembamba, kilichopinda kidogo kuelekea ncha, na kinoo chake ni jiwe lililolika katikati kwa miaka mingi ya kusuguliwa. Humwagia maji kidogo, hulaza bapa, huvuta upande mmoja, hugeuza, huvuta upande wa pili. Haharakishi. Akidhani makali yametosha, huchuma ukuti mbichi, huushika kwa vidole viwili na kuupitishia kotama pasi na kuukandamiza. Ukuti ukijikunja kabla ya kukatika, mgema hurudi kwenye kinoo. Kisu butu hukata kwa kuponda, na pale palipopondwa mishipa ya mti hujiziba. Kazi nzima ya kugema inategemea jeraha lililo safi, kwa hiyo yeye huanzia hapo, chini ya mti, akiwa amechuchumaa, jua likiwa bado halijachomoza juu ya vilima vya Rabai.

Kutoka Mji wa Kale wa Mombasa hadi hapa si mbali. Ukiliacha soko la Marikiti na harufu yake ya iliki na bizari, ukavuka Makupa, ukapita Changamwe na Miritini hadi Mazeras, kisha ukaiaga barabara kuu ya Nairobi na kushika ile ya Kaloleni, unaingia katika nchi ya minazi. Kila taifa linalopenda mvinyo lina nchi yake ya kutembelea. Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walitoka kwenye mabonde ya mizabibu. Watanzania wana Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nchi ya mvinyo ya Mombasa ni hii iliyo nyuma ya kisiwa, na hapa mnazi huvunwa mara mbili, aghalabu mara tatu, kwa siku.

Mavuno hayo huanza kwa kuchagua karara, ile ala ngumu inayofunika shada la maua ya mnazi. Karara ikiachwa hupasuka yenyewe, maua hutoka, na baadhi ya maua huwa vidaka, kisha vitale, madafu, koroma, na hatimaye nazi. Mgema huiwahi kabla haijapasuka. Akiwahi mno, itakuwa changa na haitatoa kitu. Akichelewa siku mbili tatu, ufa utakuwa umeanza ubavuni. Kwa hiyo huibonyeza kwa kidole gumba karibu na shina lake, huisikiliza kwa mkono, na mara nyingi huiacha. Nimemwona akipanda mti mrefu, akibonyeza karara moja, na kushuka bila kuigusa kwa kisu. Ilikuwa bado.

Karara iliyokomaa hufungwa. Mgema huchana makuti mabichi kuwa chane ndefu, akaizungushia karara tangu shinani hadi karibu na ncha, akikaza kila mzunguko kwa nguvu ileile. Fundo lililolegea litaruhusu maua yafure na kuipasua ala. Lililokazwa kupita kiasi litauzuia utomvu usipite. Kisha huivuta karara chini kidogo sana na kuifunga kwa kamba kwenye kuti la chini yake. Siku inayofuata huivuta tena kidogo. Karara huota ikielekea juu, naye anataka ncha yake iinamie chini ili utomvu udondoke badala ya kurudi ndani, lakini karara iliyovunjika shingo haina tiba. Ndiyo maana kuinamisha huku huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo zote mgema hapati hata tone. Hupanda, hukaza, hushuka.

Ncha inapokatwa kwa mara ya kwanza hutoka unyevu tu. Anakata tena jioni. Anakata tena asubuhi. Kwa mgeni inaonekana kama kazi ya bure, kumbe mti unafundishwa kulia. Siku moja sehemu iliyokatwa inang'aa, tone linajikusanya kwenye ukingo wa chini, linanenepa, linaanguka. Hapo ndipo kibuyu hufungwa.

Mnazi wa kwanza wa mgema huyu ni mfupi, nami nilisaidiwa kuegemeza ngazi kando yake ili niuone mkono wake kwa karibu. Aliifungua kamba ya kibuyu kwa mkono wa kushoto na kukitundika kwenye ndoano ya mti iliyoning'inia kiunoni mwake. Alifuta ncha ya karara kwa kitambaa kibichi, akatoa wadudu wawili waliozama utamuni. Ndipo akaileta kotama. Hakukata kwa kupiga. Aliiweka pembeni mwa ncha na kuivuta mara moja, kwa mshazari, na chane iliyoanguka ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Niliiokota baadaye chini ya mti. Ukiishika juani, unaona vidole vyako upande wa pili.

"Mzee, umejuaje kwamba imetosha?" nikamuuliza.

"Ngoja, mwanangu. Iangalie inavyolia. Ikilia pande zote, imetosha."

Tuliangalia. Matone madogo yalijitokeza kwenye ukingo wa kulia, kisha juu, kisha katikati. Upande wa kushoto ulibaki mkavu. Aliirudisha kotama, akagusa upande huo tu, na ukalia.

Wembamba huo wa chane una hesabu yake. Karara ni fupi, na kila mkato unaipunguza. Mgema mwenye mkono mzito atalimaliza ua lake upesi. Mwenye mkono mwepesi ataligema mwezi mzima na zaidi, mara mbili au tatu kila siku, huku likipungua kidogo kidogo hadi kubaki kipande kilichofungwa chane za zamani. Na hana ruhusa ya kuruka siku. Asipokata, jeraha hujifunga na utomvu husimama, hata kama kuna msiba, harusi au mvua.

Baada ya mnazi mfupi ikaja mirefu. Mnazi wa pwani yetu unaweza kufika mita 20 na kupita, na njia ya kupanda ni vidato, zile ngazi ndogo zilizochongwa kwenye shina kwa zamu, kushoto na kulia. Mgema hapandi kwa mikono. Mikono humshikilia tu. Uzito wote uko kwenye vidole vya miguu, goti likiwa karibu na shina, mgongo ukiwa umenyooka. Nyayo zake zinavijua vidato vya kila mti, kikiwamo kile kilichooza cha mnazi wa nne anachokiruka bila kukitazama. Huko Sri Lanka wagema hufunga kamba za makumbi kutoka kilele hadi kilele, wakatembea hewani mti hadi mti. Hapa kila mnazi hupandwa na kushukwa peke yake, na mgema mwenye minazi kumi na kitu hufanya hivyo alfajiri, adhuhuri na magharibi. Anayeanguka, mara nyingi haanguki mara mbili. Sioni kazi nyingi pwani zinazodai umakini wa namna hiyo kwa malipo madogo kama haya.

Minazi yenyewe mara nyingi si yake. Mwenye shamba na mgema hupatana jinsi ya kugawana mazao, na mapatano ya minazi katika nchi hii ni jambo zito. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia David Parkin alitoa kitabu kuhusu Wagiriama, jamii ya Wamijikenda, wa upande wa Kaloleni, na katika jina la kitabu hicho aliweka pamoja minazi, tembo (mvinyo wa mnazi, ambao huku huitwa pia mnazi) na mashahidi. Mtu aliyenunua au kuweka rehani mnazi alihitaji wazee wa kushuhudia, na wazee walihitaji kitu cha kunywa wakati wa kushuhudia. Hadi leo posa nyingi za Kimijikenda hufunguliwa kwa kadzama, kibuyu cha mnazi kinachopelekwa kwa wazazi wa binti, na mzee anayewaita koma, mizimu ya ukoo, humimina kidogo chini kabla ya kuonja.

Kibuyu kikishuka hakimiminwi vivi hivi. Mgema huchukua kilifu, lile tandabui gumu kama kitambaa linalozunguka mashina ya makuti, akaliosha na kulitega kwenye mdomo wa mtungi. Tembo hupita na kuacha nyuki, sisimizi na vipande vya maua. Kilifu kingine hufunika mdomo wa kibuyu huko juu, hasa wakati wa masika, mvua isije ikaingia. Kila Mswahili anajua methali inayosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya kumtazama akihangaika kukifunika kibuyu ili tone la mvua lisipite, ingawa naikubali methali hiyo kwa wauzaji, naona vigumu kuikubali kwa mgema. Maji ndiyo adui yake mkubwa kule kileleni, na amemfungia mlango.

Utomvu unapotoka kwenye karara ni mtamu, na sukari yake ni takriban asilimia 15. Lakini hauna muda wa kubaki hivyo. Hamira za asili zimeshajaa ndani ya kibuyu, kwenye mashapo ya jana, na zinaanza kazi tone la kwanza linapoanguka. Ndiyo maana anayetaka tembo tamu humwambia mgema jana yake, ili kibuyu kioshwe mpaka kisiwe na harufu. Kibuyu kisichooshwa sana hutoa kinywaji kinachochemka chenyewe asubuhi, povu jeupe likipanda mdomoni. Kufikia jioni utamu umepungua na ukali umepanda; katika siku moja kileo hufika asilimia 4 au 5 hivi. Kesho yake uchachu unatawala. Mvinyo wa zabibu huweza kulazwa pipani kwa miaka, na sifa yake ni umri. Sifa ya mnazi ni saa. Mnywaji mzoefu hunusa, huonja, na kukwambia kama uligemwa alfajiri au adhuhuri.

Kwa hiyo madumu huondoka mapema. Pikipiki huyabeba kuteremka Mazeras kuelekea mangwe, vilabu vya mnazi, za pembezoni mwa Mombasa, vifuniko vikiwa vimelegezwa, maana dumu lililofungwa kabisa hupasuka njiani. Nilikunywa wangu papo hapo chini ya mwembe, kwa mrija wenye chujio dogo nchani, kutoka kwenye kibuyu cha asubuhi. Ulikuwa na ubaridi wa usiku bado, utamu mbele na mkwaruzo mdogo nyuma ya ulimi. Waliokuwapo walikuwa na samaki wa kukaanga na mihogo iliyochomwa, ikapakwa pilipili na ndimu. Chumvi ya samaki huuamsha utamu wa tembo, na tembo hupoza pilipili. Sijaona mlo unaokaa vizuri zaidi na kinywaji chake.

Karara iliyogemwa haizai nazi, na hilo huwa ni uamuzi wa wazi. Mnazi hutoa karara moja moja, karibu kila mwezi, na kila inapotokea mgema na mwenye shamba hulazimika kukubaliana: hii ya kugemwa, ile iachwe. Nazi za zile zinazoachwa ndizo zinazofika Marikiti zikiwa zimefuliwa makumbi, na kutoka hapo huingia Mji wa Kale, ambako tembo halinyweki lakini siku haipiti bila tui. Mahamri ya asubuhi yamekandwa kwa tui, mbaazi zimeungwa kwa tui, na mchana kuna wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mgema wangu huuacha mnazi upumzike baada ya karara mbili tatu, ili uzae. Anasema mti unaogemwa mfululizo huonekana kwa makuti yake, naye alinionyesha mmoja wa jirani, kilele chake kikiwa chembamba na makuti machache.

Lipo pia tembo lililopitwa na wakati. Yale mabaki ya jana na juzi, makali na machungu, mgema hayamwagi. Huyatia katika mtungi wa udongo, huufunga mdomo kwa kitambaa ili hewa ipite na wadudu wasipite, na kuuweka kivulini nyuma ya nyumba. Huko kileo hugeuka siki. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, tembo lililogeuka siki lenyewe, bila kutiwa kitu, ni halali, kwa hiyo mtungi huu unaweza kuingia hata jikoni ambako kibuyu kisingeingia, siki yake ikatiwa kwenye achari ya maembe na kachumbari. Mgema aliufungua, akachota kwa kata, akaonja, akaufunga tena. Ulihitaji juma jingine. Kisha akachukua kinoo chake, maana jua lilikuwa utosini na minazi ilikuwa inamsubiri kwa mkato wa adhuhuri.