Mikono Isiyotupa

Nazi ikishaingia nyumbani kwa bibi yangu, Pangani, hakuna sehemu yake iliyofika jalalani. Maji yalikuwa ya mtoto aliye karibu. Bibi alikalia mbuzi, akaikuna, akaikamua mara ya kwanza kwa maji kidogo sana, na tui lile zito akalifunika kando. Machicha akayatia maji ya vuguvugu, akayakamua tena, na tena. Tui la pili na la tatu ndilo lililotangulia chunguni kuivisha samaki au kisamvu. Tui zito lilingoja mpaka mwisho, moto ukishapunguzwa, likamiminwa huku likikorogwa bila kupumzika, maana likitokota kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Siku hizi naona watu wakikamua mara moja, wakamwaga tui lote tangu mwanzo, kisha wakasema nazi moja haitoshi. Ya bibi ilitosha, na mchuzi wake ulikuwa mzito kuliko wetu.

Machicha yalikwenda kwa kuku. Kifuu kilichopasuka vizuri kilitobolewa, kikatiwa mpini, kikawa upawa. Kilichopasuka vibaya kilihifadhiwa kapuni kwa ajili ya moto, kwa kuwa makaa ya kifuu ni makali, na machache tu juu ya mfuniko yanatosha kupalia wali hadi ukakauka punje kwa punje. Kumbi lilisugua sufuria pamoja na majivu. Makumbi yaliyozidi yalifukiwa kwenye tope la kando ya mto kwa miezi, nyama yake ikaoza, zikabaki nyuzi za kupondwa na kusokotwa kamba. Kuti nalo lilisukwa kwa kuezekea, au likachunwa chelewa za ufagio. Mgeni aliyetazama uwanja wa nyumba ile angedhani hapajawahi kuvunjwa nazi hata moja.

Kazi hii ya kubakiza naiita ufundi, tena ufundi kamili, unaostahili heshima ileile tunayompa seremala au mfua chuma. Wengi huikumbuka kama umaskini uliovumiliwa, au huisimulia kwa kucheka: bibi aliyeficha vipande vya sabuni, babu aliyenyoosha misumari iliyopinda. Lakini maskini asiyejua kukamua nazi mara tatu hubaki na njaa, na tajiri anayejua hubaki na chakula. Anayebakiza vizuri anajua kitu kimetengenezwa na nini, kitachoka wapi kwanza, na kikishachoka pale kinafaa kazi gani nyingine. Maarifa hayo hayaji kwa kukosa fedha. Huja kwa kufundishwa na kurudia.

Tazama kanga. Hununuliwa doti, vipande viwili, na kazi ya kwanza ni kukata na kupinda mapindo sawasawa, maana kanga isiyopindwa huanza kufumuka pembeni. Bibi aliianika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje, kwa sababu jua ndilo linalokula rangi. Ikiwa mpya ilikwenda harusini na msibani. Ikipauka kidogo ikawa ya sokoni na shambani, halafu ya kulalia, halafu mbeleko, na kwa wakati huo ilikuwa imelainika kiasi cha kufaa ngozi ya mtoto mchanga kuliko kitambaa chochote cha dukani. Baada ya mbeleko ikakatwa nepi, na nepi zikiisha kazi zikawa kata ya kubebea ndoo kichwani, au matambara ya jikoni. Hakuna hatua aliyoiruka. Kanga iliyopelekwa jikoni kabla ya wakati wake ilimuumiza, na alisema hivyo waziwazi, mbele ya aliyeipeleka.

Babu yangu alikuwa na ufundi wa upande mwingine. Alifanya kazi miaka mingi katika shamba la mkonge, kwenye korona, mashine inayochuna majani na kutoa katani. Katika uzito wa jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, na kilichobaki kilikuwa kikisombwa na maji na kutupwa. Jambo hilo lilimkera mpaka uzee wake. Aliporudi nyumbani hakutupa hata kipande cha kamba: alifumua, akaunganisha, akasokota upya. Mashamba yenyewe yalichelewa kufikia fikra hiyo. Ni katika miaka ya 2000 ndipo mabaki ya mkonge kule Hale, wilayani Korogwe, yalipoanza kutumika kuzalisha gesi na umeme.

Nilijifunza kwake kugeuza kola ya shati, na ningependa kila mwenye sindano alijue jambo hili. Shati huzeeka shingoni kabla ya mahali pengine popote. Kata nyuzi zinazoshikilia kola kwa ncha ya wembe, taratibu, usiguse kitambaa. Ing'oe yote, igeuze ili upande uliochakaa uelekee chini, uirudishe palepale kwenye mshono wa zamani, uishone. Shati linapata shingo mpya bila kununua chochote, na kazi yote haimalizi mchana mmoja. Babu aliifanya kibarazani, uzi mdomoni, akizungumza na wapita njia.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Baada ya Vita vya Kagera, vilivyokwisha mwaka 1979, rafu za maduka ya Tanzania zilianza kubaki tupu. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na nguo vilitafutwa kwa foleni, na mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Sitaki mtu yeyote aitamani miaka ile. Ilikuwa ya shida, na mama wengi walilia kwa kukosa kipande cha sabuni cha kumwogeshea mtoto. Ninachosema ni kwamba nyumba zilizokuwa na mikono kama ya bibi na babu ziliumia kidogo kuliko zile zisizokuwa nayo. Mche wa sabuni ukipatikana, bibi aliukata vipande siku hiyohiyo na kuvipanga juu ya uchaga penye hewa, kila kimoja mbali na mwenzake, kwa wiki kadhaa. Sabuni iliyokauka ikawa ngumu haiyeyuki ovyo, na hudumu zaidi kuliko iliyotumiwa ikiwa laini. Hadi leo, bidhaa zikiwa zimejaa kila kona, sioni sababu ya kuacha kufanya hivyo.

Kuna msemo kwamba akiba haiozi. Waliousema walikuwa wamekwisha kukausha mahindi yao, kwa sababu akiba ya nafaka huoza, na huoza upesi, ikikosa fundi. Babu aliuma punje kwa meno: ikivunjika kwa mlio, tayari, ikibonyea, irudi juani. Kwa asiyeyaamini meno yake, ipo njia nyingine. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji bado. Yaliyokauka bibi aliyachanganya na majivu yaliyochekechwa, na majivu hayo huwakausha wadudu na kuwazuia kupita kati ya punje. Mengine yalitundikwa bila kupukuchuliwa juu ya meko, moshi uyapate.

Hapa lazima niseme ukweli wote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini mdudu mgeni kutoka Amerika, dumuzi, akaanzia Tabora, na wakulima aliowasagia ghala wakampa jina la lori, Scania. Dumuzi hupenda hasa mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, yaani yaleyale waliyoyatundika wazee wetu kwa fahari. Majivu hayakumtosha. Wazee wengi walibadilika: wakapukuchua mapema, wakachanganya dawa. Leo kuna mifuko ya kinga njaa, yenye matabaka matatu, inayofungwa hewa isiingie mpaka wadudu wafie humo bila kutumia sumu. Nina hakika babu angeipenda mifuko hiyo kuliko majivu yake, na angeikagua kila siku isije ikatobolewa na panya. Anayemheshimu fundi haning'inizi zana zake ukutani kama picha. Huziacha zibadilike pale kazi inapobadilika.

Kuhusu moto nitasema machache, ingawa ndio unaokula fedha nyingi mijini. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo kumi za kuni mara nyingi hazitoi zaidi ya kilo mbili za mkaa, kwa hiyo kila kipande kinachoungua bure kimekula mti zaidi ya tunavyoona. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yale. Chemsha maharage kwa nguvu kwanza, kisha funika vizuri, punguza hewa ya jiko. Chakula kikiiva, fukia makaa kwa majivu. Asubuhi utayakuta hai. Na ukitaka kupoza maji ya kunywa, yaache mtungini, mahali penye kivuli na upepo. Mtungi hupoza kwa sababu maji hupenya udongo na kukaukia nje, hivyo usiupake rangi wala kuuvisha plastiki, utauziba pumzi.

Kuna waliowaita bibi na babu wabahili. Mimi nimekula katika nyumba yao, na sikuona mgeni akihesabiwa matonge. Aliyepita njiani saa ya chakula aliitwa, akanawishwa, akala. Bibi aliweza kumkaripia mjukuu kwa kijiti kimoja cha kiberiti kilichowashwa bure, na dakika hiyohiyo akamfungia jirani nusu ya samaki apeleke kwake. Nilipokuwa mdogo sikuelewa mambo hayo mawili yanakaaje pamoja. Sasa naona kwamba lile la kwanza ndilo lililoliwezesha la pili. Kilichobanwa kwenye kijiti, kwenye tui na kwenye kola kiligeuka sahani ya mgeni, na daftari la shule la mtoto ambaye hakuwa wao.

Ufundi huu unakufa kimyakimya. Tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, tulianza kutafuta vikapu vya ukindu na miyaa ambavyo bibi zetu hawakuwahi kuviacha, na katika nyumba nyingi hakukuwa tena na mtu wa kuvisuka wala kukarabati mkono uliokatika. Tulikuwa tumewazika wajuzi pamoja na ujuzi wao.

Basi, msomaji, ikiwa bado una mzee nyumbani au kijijini, usimwombe akusimulie tu maisha ya zamani. Mwambie akune nazi mbele yako, apinde kanga, akaushe mahindi, asokote kamba, nawe ukae karibu utazame vidole, maana mengi anayoyajua hajawahi kuyatia katika maneno na hatakumbuka kuyataja. Kisha ufanye mwenyewe, akiwepo, akukosoe. Anza na tui, kamua mara tatu.