Zilipendwa na Mkimbizi: Maneno Mawili Kutoka Mpanda

Picha ya zamani ya Mpanda inapowekwa katika mitandao ya kijamii, tuseme ya stesheni ya reli itokayo Kaliua, haichukui muda kuzungukwa na maoni mafupi mafupi. Wako wanaokumbusha kwamba Mpanda ilikuwa Mkoa wa Rukwa kabla ya Katavi kuanzishwa 2012. Wako wanaotaja mgodi wa risasi ulioileta reli hiyo na kufungwa kabla ya Uhuru (na kijana asiyejua kuwa risasi ni madini aweza kudhani palikuwa na kiwanda cha silaha). Wengine huandika neno moja tu: zilipendwa. Mazungumzo hayo ni ya kupumzikia, wala hatuna nia ya kuyapitia kama mwalimu apitiavyo madaftari. Lakini humo ndimo umma unamoamua maana za maneno, mara nyingi kabla istilahi zetu hazijatoka mezani.

Zilipendwa lilianzia kwenye nyimbo za dansi za zamani. Mwanasarufi angetaka zilizopendwa, na ndivyo wasemavyo wengi nchini Kenya; huku kwetu tamko fupi limeshinda, na sentensi nzima imegeuka kuwa nomino. Leo huitwa hivyo hata behewa, hata mtu aliyepitwa na wakati. Hatuoni ubaya. Neno limebeba kiambishi -li-, nacho chatimiza kazi yake: chaeleza kwamba jambo limekwisha, na kwamba msemaji anajua limekwisha.

Sasa tutazame habari zitokazo Katumba na Mishamo. Makazi hayo yalifunguliwa 1973 na 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Mwaka 2007 serikali iliwapa hiari ya kurejea kwao au kuomba uraia. Wengi walichagua kubaki. Maombi ya watu zaidi ya 160,000, wakiwamo wa Ulyankulu mkoani Tabora, yalikubaliwa, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Hata hivyo, habari ikitoka huko, iwe ya mavuno au ya mpira, neno mkimbizi hurudi katika maoni, pengine bila chuki yoyote, kana kwamba ni jina la mahali.

Hapo ndipo tunapoachana na wanaosema kuwa ni utani tu. Mkimbizi ni nomino ya mtenda, sawa na mjenzi au mlezi, na nomino hiyo haina wakati. Aliyekimbia alikimbia siku moja akafika. Mkimbizi yu mbioni daima. Basi wimbo tumeupa wakati uliopita, jirani tumemnyima. Mtu aliyezaliwa Mishamo, akalima tumbaku huko na kupewa cheti cha uraia, angali anaitwa kwa mbio za babu yake. Tena ofisa aliyezoea kulisoma neno hilo katika simu yake jioni hashindwi kuliandika katika barua asubuhi, na barua ya ofisi si utani.

Lawama yatufikia sisi pia. Istilahi rasmi ni uraia wa tajnisi. Kisheria ni sahihi, lakini neno tajnisi limebaki katika majalada. Tulio na kazi ya kulieleza hatukulieleza vya kutosha. Pengo likajazwa na raia wapya, neno la ukarimu lenye kasoro moja: halisemi upya huo unakoma lini. Nyumba iliyojengwa 2014 haiitwi mpya tena.

Kwa wafasiri, matini ya 1973 ibaki na wakimbizi, maana ndivyo walivyokuwa, na kulifuta neno hilo ni kuiharibu historia. Inapobidi kuitaja hali hiyo leo, iandikwe waliokuwa wakimbizi, ili -li- ile ile iliyoufaa wimbo iwafae na watu. Wasiopata uraia, nao wapo, neno mkimbizi lawahusu bado. Tajnisi itumike pale sheria inapoidai. Na katika orodha ya mbolea ya ruzuku, ambamo sheria haidai lolote juu ya asili ya mtu, aandikwe mkulima wa Katumba, basi.