Kipyenga cha Mgeni: Kombe la Dunia la 1942 katika Bunilizi

Vita Vikuu vya Pili vilizuia mashindano mawili ya Kombe la Dunia, ya 1942 na ya 1946. Baina ya ushindi wa Italia mwaka 1938 na ule wa Uruguay mwaka 1950, kumbukumbu rasmi ni tupu. Katika pengo hili ndimo Osvaldo Soriano (1943–1997), mwandishi wa Argentina, alimoipenyeza hadithi fupi "El hijo de Butch Cassidy", yaani "Mwana wa Butch Cassidy". Humo, kombe la 1942 linachezwa Patagonia. Wachezaji ni vibarua na mafundi wa kigeni, pamoja na Wamapuche, wenyeji wa nchi hiyo. Mwamuzi ni mwana wa jambazi Mmarekani, naye huingia uwanjani na bastola.

Ni rahisi kuisoma kazi hii kama fidia kwa wanyonge. Wamapuche, walionyang'anywa ardhi katika kampeni za jeshi la Argentina za 1878 hadi 1885, wanapewa uwanjani usawa walionyimwa na historia. Usomaji huu una mashiko, kwani kanuni za mchezo ni moja kwa wote. Hata hivyo, fani inayapinga maudhui. Usawa wenyewe unalindwa na silaha ya mgeni, na anwani ya hadithi ni yake. Aidha, Butch Cassidy halisi aliwahi kuishi Cholila, Patagonia, mwanzoni mwa karne ya 20. Hivyo basi, ukweli unaoutegemeza ubunifu ni ule wa mgeni.

Mwaka 2011, Lorenzo Garzella na Filippo Macelloni waliigeuza hadithi kuwa filamu, *Il Mundial dimenticato*, inayojifanya uchunguzi wa kweli. Mifupa ya mpigapicha inafukuliwa pamoja na kamera yake, na wanasoka mashuhuri kama Roberto Baggio na Gary Lineker wanahojiwa. Kinaya ni kwamba filamu inayoikejeli kumbukumbu rasmi yenyewe haiwezi kusadikisha bila ya kamera ya mhamiaji. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Dosari hii haiondoi ustadi wa Soriano wa kuonyesha jinsi kumbukumbu zinavyobuniwa. Inadai tu swali la ziada: nani anayelijaza pengo? Wamapuche wana mchezo wao wa jadi, palin, unaochezwa kwa magongo yaliyopinda. Historia mbadala iliyosimuliwa nao yamkini isingeanza na Kombe la Dunia.