Mita 300 Kusini

Kijana aliyepanda kibarazani kwa mzee mmoja mjini Moshi alikuwa ameshika kifaa cha GPS cha mkononi, cha rangi ya manjano, ukanda wake wa mpira umeanza kubanduka pembeni. Alikinunua kwa mtu, si dukani. Akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza shida yake. Kila akienda kutafuta kasha lililofichwa, kifaa kinamteremsha hadi kwenye kihamba cha watu, na akizunguka migomba nusu saa nzima haoni kitu. Simu ya mwenzake inasema kasha liko juu huko, ng'ambo ya mfereji.

Mzee huyo ni mpima ardhi mstaafu. Hakukigongagonga kifaa kiganjani kama wengi wanavyofanya. Alikiwasha, akatoka nacho uani penye anga jeupe, akakiweka juu ya ukuta, akarudi kuketi. Wakasubiri.

"Siku zote kinakuvuta upande gani, mwanangu?"

Kijana akafikiri. Kusini. Kusini, na mashariki kidogo.

"Umbali gani?"

Kama mita 300.

Mzee akakichukua, akaingia kwenye mipangilio, akashuka mpaka panapoonyesha msingi wa ramani, ule ambao wapima huuita datamu. Palikuwa pameandikwa Arc 1960. Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa juu ya msingi huo, na mwenye kifaa wa kwanza bila shaka alikuwa mtu wa ramani za karatasi. Lakini setilaiti za GPS hutumia msingi uitwao WGS 84, na namba za mahali yalipofichwa makasha huandikwa kwa huohuo dunia nzima. Ukisoma namba za WGS 84 kwa macho ya Arc 1960 katika sehemu hizi za Kilimanjaro, unasukumwa mita 300 hivi kusini. Kifaa kilikuwa kizima tangu mwanzo. Mzee alijua ugonjwa kabla hajagusa kitufe, kwa kuuliza tu kosa linaelekea wapi.

Huu nao ni ufundi, ingawa hauna tezo wala cherehani. Wapenzi wa jiokashingi, mchezo wa kuficha kasha na kulitafuta kwa namba za setilaiti, waliujua karibu wote wakati fulani, maana bila huo mtu alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mchezo wenyewe ulianza hivi. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiyachafua kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayopokea raia, na kifaa cha mkononi kiliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Kwa amri ya Rais Bill Clinton, uchafuzi huo ulizimwa usiku mmoja. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, alifukia sehemu kubwa ya ndoo nyeusi ya plastiki kwenye mwitu karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti. Ndani alitia daftari na penseli, vitabu, manati, kopo la maharage na vitu vingine vidogo. Sharti lake lilikuwa jepesi: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Siku chache baadaye ndoo ilikuwa imekwisha kupatikana. Kabla ya mwezi kwisha, Matt Stum alikuwa amependekeza jina la mchezo, na mwezi Septemba Jeremy Irish wa Seattle akafungua tovuti iliyoorodhesha makasha 75. Leo yamepita milioni 3, na moja liko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, lilipowekwa na Richard Garriott mwaka 2008. Hata hivyo, hamu yenyewe ni ya kale kuliko setilaiti. Mwaka 1854 mwongoza watembeaji aitwaye James Perrott aliacha chupa kwenye nyika ya Dartmoor, Uingereza, ili kila aliyefika kwa miguu yake atie kadi ya jina lake.

Turudi kwenye ule ukuta wa uani. Kusubiri kule ndiko kiini cha mambo. Ili kifaa kijue kilipo, kinahitaji kusikia angalau setilaiti nne zilizoko kilomita 20,200 juu, na kila moja hutuma ratiba ya wenzake polepole: ratiba nzima huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Kifaa kilicholala kabatini miezi mingi, au kilichosafirishwa mbali, huamka hakijui hata kiangalie upande gani wa anga. Mwenye haraka hukiwasha ndani ya gari, akaanza kutembea, akalaumu. Mwenye ufundi hukitoa nje, akakitulizia mahali pamoja, akafunga kamba za viatu, akanywa maji. Simu imefuta adabu hiyo kwa sababu huletewa habari za setilaiti kupitia mtandao na kujibu mara moja. Ni msaada mkubwa, hakuna anayeukataa. Ila ikishindwa kujibu, mwenyewe hana hata swali la kuiuliza.

Na makosa yana tabia zake, kama watu. Kosa linalovuta upande uleule, umbali uleule, ni la msingi wa ramani. Kosa la mamia ya mita linalobadilika kila kasha mara nyingi ni la uandishi: dakika 20.500 ni dakika 20 na sekunde 30, na anayezisoma kama sekunde 50 amejipoteza zaidi ya mita 600. Kosa linaloruka huku na huku chini ya miti mizito au kando ya jabali ni la mawimbi yanayodunda kabla ya kufika. Dawa yake ni miguu. Unaliendea kasha kutoka upande mmoja, unaweka alama mshale unapoelekea, unazunguka na kuliendea kutoka upande mwingine, kisha unatazama mistari inapokutana. Dira ikiyumba baada ya kubadili betri, inataka kusawazishwa upya, kifaa kikizungushwa taratibu kikiwa kimelala bapa. Betri za kuchaji zikionekana kufa mapema, huenda kifaa kimeambiwa ni za kawaida, zenye volti 1.5, nazo zina 1.2. Na tarehe je? Hesabu ya wiki ya GPS hufika 1,024 na kuanza upya. Ilipoanza upya tarehe 6 Aprili 2019, baadhi ya vifaa vya zamani vilirudi mwaka 1999. Asiyejua hilo hudhani kifaa kimeharibika kabisa.

Kisha, zikibaki mita kumi, waliobobea hukitia kifaa mfukoni. Kuanzia hapo yanafanya kazi macho. Wanatafuta jiwe lililokaa vibaya kuliko wenzake, au majani makavu yaliyolundikwa na mkono wala si upepo. Anayeficha na anayetafuta wanaanza kuzungumza bila kuonana. Kwa Kiswahili tunasema kitendawili, anayejibu anasema tega. Na kasha zuri limetegwa hivyohivyo, na mtu aliyekaa chini akafikiri atakayekuja atasimama wapi, atainama wapi, na akiinua kichwa ataona mandhari gani.

Makasha ya namna hiyo yalipendeza hata kuyashika. Mengi yalikuwa masanduku ya chuma ya risasi za jeshi, yenye kifuniko chenye ukanda wa mpira, kinachobana hata mvua ya wiki nzima isipenye. Madogo yalikuwa vikopo vyeusi vya filamu za kamera. Ndani, daftari ndani ya mfuko, na penseli, kwa kuwa wino huyeyuka na kutambaa ukipata unyevu. Ukilifungua daftari la miaka kumi unakutana na mwandiko wa mtoto aliyeandika jina kwa herufi kubwa, kisha wa mtu aliyefika akinyeshewa na kuandika mstari mmoja tu, kisha tarehe zilizopishana miezi minane ambayo hakufika mtu. Kila jina limeandikwa na mtu aliyepiga magoti palepale.

Sasa ufichaji umekuwa wa harakaharaka. Kikopo chembamba cha plastiki kinabandikwa nyuma ya nguzo ya barabarani, mwenyewe anaondoka asirudi tena. Mtafutaji naye anabonyeza simu kwamba amelipata, pengine bila kulifungua. Kasha lakosa mzazi.

Kijana wa Moshi alilipata lake jioni ileile, ng'ambo ya mfereji, chini ya jiwe, baada ya mzee kubadili mpangilio mmoja. Kifuniko kilikuwa na ufa. Daftari lilikuwa limelowa, kurasa zimegandana donge moja, na penseli haikuwamo. Alilianika juani asubuhi ya pili, akafanikiwa kuzibandua kurasa nne. Aliporudi na daftari jipya na kipande cha mpira wa kuziba ufa, hakuna aliyemtuma.

Siku ile kibarazani, kabla hajamrudishia kijana kifaa, mzee alikuwa amefungua mlango wa betri. Springi zilikuwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani, uchafu wa betri zilizovuja miaka mingi bila kutolewa. Alichovya kijiti chenye pamba ndani ya siki, akasugua springi moja baada ya nyingine, akafuta kwa spiriti, akaacha zikauke, akamalizia kwa kifutio cha penseli mpaka chuma kikang'aa. Kazi ilichukua kama robo saa, na hakusema neno mpaka alipomaliza.

Mwenye kifaa cha aina hiyo kabatini na akifungue leo atoe betri, hata kama hana mpango wa kukitumia mwaka huu. Na aliyewahi kuficha kasha mahali, aende akaliangalie kabla ya masika, abebe daftari kavu na penseli mbili.