Kongole, Mafundi Kompyuta wa Bujumbura

Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, una sifa ya mafundi wa magari tangu zamani. Leo nawapongeza wenzao wa ufundi mpya: mafundi kompyuta wa jiji hili.

Mteja huleta kompyuta ya mezani akilalamika kwamba diski ya pili, ile yenye picha za harusi na hesabu za duka, haionekani. Fundi hodari hakimbilii kuifomati. Huanza na madogo: huchomoa kebo ya data na ya umeme, hupangusa vumbi, hubadilisha kebo, hujaribu tundu jingine. Kisha hutazama kwenye BIOS, programu ya msingi inayoanza kompyuta inapowashwa. Diski ikionekana huko lakini Windows haiionyeshi, huenda imekosa tu herufi ya kuitambulisha, au mpangilio wa mafaili umeharibika. Isipoonekana kabisa, huijaribu kwenye kompyuta nyingine, ajue kasoro iko wapi.

Diski ikigonga tak-tak, huizima papo hapo, kwa kuwa vichwa vya kusomea vinaweza kukwaruza sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Humweleza mteja ukweli: tuokoe mafaili kwanza, diski baadaye.

Katika jiji ambalo umeme hukatika ghafla na vipuri hutoka ng'ambo, subira hiyo ni utumishi mkubwa. Kongole, mafundi wetu! Mnalinda kumbukumbu za familia na riziki za watu. Nasi wateja tuwalipe haki yao bila kuwasumbua, na kila chenye thamani tukiwekee nakala ya pili mapema.