Kiganja cha Fundi wa Tairi

Barabara ya Meru kwenda Embu haina huruma na tairi. Ukitoka Nkubu unapita Igoji, unateremka hadi daraja la Nithi, kona juu ya kona, na gari lililofupishwa springi ili lifanane na la mashindano hulalia ukingo wa ndani wa tairi njia nzima. Mwenye Subaru huja na lalamiko moja: gari linavuma kama ndege. Ameshaongeza sauti ya redio, wapi.

Fundi hamjibu upesi. Anapiga jeki, anazungusha gurudumu, analitikisa juu na chini kupima beringi, kisha kushoto na kulia kupima tairodi. Halafu anapitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Kwenda ni laini, kurudi kunakwaruza: magurudumu hayaelekei sawa. Mashimo mashimo? Huenda shokamzoba zimechoka. Katikati pameisha? Upepo ulizidi. Haya anayasoma akiwa amepiga magoti kwenye udongo mwekundu, mvua ya Aprili mgongoni, vidole vimechanwa na nyaya zilizochomoza.

Kazi ngumu zaidi, naona mimi, ni kumwambia mteja kwamba tairi mpya pekee hazitatibu kitu, zitaliwa vilevile. Hapo anajinyima mauzo ya siku. Hata hivyo anasema, huku pikapu ya miraa inayokimbilia Nairobi ikipiga honi nyuma, dereva akitaka yake iangaliwe kwanza.