Yeye Asiyealikwa

Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Atakaye kumbagua mwanamke kwa lugha hii hana budi kutafuta neno la kumwachia nje, na vibanda vya video vimelipata. Katika miji ya bara, hata huko mpakani Tunduma, kwenye mitaa kama ya Chapwa mkoani Songwe, ubao wa chaki hutangaza mapigano, hutangaza mpira, kisha huwaita "masela". Mfasiri anayesimulia filamu ndani, kwa ufundi uliovumishwa na Lufufu, naye husema na hao hao. Mwigizaji hakutamka "masela". Ni nyongeza ya mfasiri, na nyongeza ni hiari.

Unguja ya karne iliyopita ilitenga, lakini ilialika: majumba ya sinema yaliweka maonyesho ya wanawake peke yao, na filamu za Kihindi zikawajaza. Wenye vibanda hujitetea kwamba wanawake hawapendi filamu. Basi nani waliokuwa wakizikusanya filamu za Kanumba, aliyefariki 2012, wakazitazama sebuleni? Na humo kibandani, aghalabu kisa kizima humzunguka dada aliyetekwa.